Nanga ya Kiwiko

Daktari aliposema neno lake, Ansel Kvande alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeambiwa habari mbaya za jirani. Akavaa kofia, akashukuru, akatoka kwenda kumngojea binti yake kwenye pikapu. Mzigo ukabaki kwa binti huyo, Marit. Daktari alimweleza waziwazi kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, na kwamba mzee asiachiwe tena chombo chochote kinachobeba roho za watu. Gari alikuwa ameshaacha kuendesha mwenyewe. Ilibaki mashua.

Ukitaka kujua ugumu wa jambo hilo, inabidi uwajue watu wa Mto Larkin. Huku Montana ya magharibi mtu anaweza kuuza shamba la babu yake, akaachana na mke, akahama hata kanisa, na watu wakamsahau baada ya wiki. Lakini mwambie mvuta makasia kwamba mikono yake imekwisha, hapo umemzika akiwa hai. Ansel aliiunda mashua yake mwenyewe kwa mbao, na kwa miaka arobaini aliwashusha wageni mtoni kuvua samaki waitwao trauti bila kumrudisha hata mmoja akiwa maiti. Si wote wanaoweza kusema hivyo. Marit alijifunza kwake, akiwa msichana, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha sasa. Tangu mama yake afariki, walikuwa wawili tu katika nyumba ile.

Alijiambia kwamba angemwambia baba yake kabla maji hayajapanda. Ilikuwa Februari, na Februari watu hujiahidi mengi.

Baridi ilimsaidia kuahirisha. Mto ulikuwa mwembamba, barafu imeshika kingo zote mbili, mashua imelala bandani. Mchana jua likijitokeza kidogo, walivaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wakasimama kwenye maji ya magotini na kurusha mishipi yenye nzi bandia wadogo kama punje za ufuta. Trauti wa majira ya baridi ni mvivu. Hafuati chakula, lazima kimpite puani. Ansel alikuwa bado anawapata. Ufito wa kuvulia ulikwenda nyuma, ukangoja, ukaja mbele, na nzi akatua juu ya maji bila kuacha alama. Akimshika samaki, alilowesha mkono kwanza, akamchomoa ndoano akiwa majini, akamwachia aende zake. Ukimwona hivyo ungesema daktari mwongo.

Nyumbani alikaa mezani akitengeneza nzi bandia, akifunga manyoya kwenye ndoano, vidole vimetulia kabisa. Siku moja akainua uso akauliza, tena, kama mashua imeshapakwa vanishi. Alikuwa ameipaka mwenyewe asubuhi hiyo. Vanishi ilikuwa bado mbichi kwenye mkono wa shati lake. Marit akajibu kwamba imepakwa, akaenda jikoni akasimama huko kwa muda mrefu bila kupika chochote.

Aprili theluji ya milimani ikaanza kulegea, na Mei mto ukaja wote kwa mpigo, wa kahawia, umebeba magogo na nguzo za uzio. Wakati huo hakuna anayevua. Marit alikuwa na wiki nzima nzima za kusema alichopaswa kusema, na mara kadhaa alianza. Alianzia mbali, kwenye umri, kwenye bega la mzee linalouma asubuhi. Kila mara Ansel alimkatiza kwa furaha, akimwonyesha makasia aliyoyapiga msasa. Nao uso wenye furaha ni kitu kigumu kukipiga.

Delmar Stokke, mwenye duka la uvuvi, ndiye aliyekuwa akimpa Marit wateja. Alimuuliza moja kwa moja nani atashika makasia ya ile mashua maji makubwa yakija. Marit akasema ni yeye. Alisema bila kupepesa macho, na alipotoka dukani alijiona mwongo na mwoga. Vyote viwili alikuwa.

Kisha wadudu wakatoka. Ni wale wakubwa, urefu wa kidole, wenye matumbo ya rangi ya chungwa, ambao mwanzoni mwa Juni hutambaa kutoka mtoni na kujaa vichakani. Kwa siku chache trauti wakubwa kuliko wote hupoteza akili. Wanaume nao huzipoteza. Huomba ruhusa kazini kwa misiba ambayo haikutokea. Mto unakuwa bado juu, bado unanguruma, na mtu mwenye busara angengoja upungue. Ila ukingoja, wadudu wamekwisha, basi watu hushuka hivyohivyo, roho mkononi.

Siku waliyoshuka palikuwa na foleni pale penye mteremko wa kuingizia mashua. Delmar alikuwepo na wateja wake. Marit alirudisha trela nyuma hadi mashua ikaelea, akaenda kuegesha pikapu, na aliporudi akamkuta baba yake ameshakaa kiti cha katikati, makasia mikononi, anatabasamu.

Mto ule una adabu zake, na ya kwanza ni hii: hakuna anayemnyang'anya mtu makasia. Anayeyashika huyatoa mwenyewe kwa hiari yake. Marit alisimama, maji ya theluji yakimgonga vifundoni.

"Baba, leo nipe mimi."

"Wewe kavue. Nimekulea nikuache ufe na njaa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mmoja akapaza sauti amwache mzee awaonyeshe vijana kazi. Delmar hakucheka. Alimtazama Marit, akingoja. Hapo ndipo pa kusema, na maneno machache tu yangetosha. Lakini Marit aliiona aibu ya baba yake mbele ya watu wale hata kabla haijatokea, akashindwa kuibeba. Akapanda omo, mbele ya mashua, akachukua ufito wake, na mashua ikaondoka.

Mwanzoni ilionekana amejitesa bure. Ansel alivuta kama kijana. Mashua za mto ule huteremka omo mbele, mvutaji akitazama kule anakokwenda na kuvuta kinyume na mkondo ili kupunguza kasi, na yeye alipita kati ya miamba kana kwamba anatembea sebuleni kwake. Alimwelekeza Marit arushe chini ya mti ulioinama, akarusha, na trauti mnene akapanda kutoka gizani na kumeza nzi bandia kwa utulivu kama anayejua haki yake. Ansel alicheka kwa sauti. Marit alimwachia samaki, akajipangusa mikono, lakini mgongo wake ulibaki umekaza. Maana baada ya daraja la reli kinakuja Kiwiko.

Hapo mto hugonga ukuta wa mwamba na kukata kulia. Zamani, upande wa ndani wa kona hiyo, palikuwa na maji tulivu, na wavuta makasia wote waliangusha nanga humo wakala chakula cha mchana. Kisha yakaja mafuriko yaliyohamisha changarawe yote. Sasa kona nzima ni mkondo mtupu, mweupe, wenye kina cha kuzamisha mtu. Jambo hilo halikuwa siri. Ansel mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake njia mpya ya kupita.

"Njaa inauma," Ansel akasema nyuma yake, kwa raha. "Tule kidogo."

Marit akageuka. Mguu wa baba yake ulikuwa unaelekea kwenye kanyagio linaloachia nanga.

"Baba, usi—"

Nanga ikaenda.

Watu wa Larkin husameheana mengi, lakini hilo halimo. Nanga ya mashua hizo huning'inia tezi, upande wa nyuma. Ikishika chini katikati ya mkondo mkali, tezi huvutwa chini na mto wote huhamia ndani. Mashua ilisimama ghafla hata Marit akaanguka magoti. Maji yakamwagika juu ya tezi, baridi ya kukata pumzi. Ansel alikuwa ameshika makasia na kutazama upande wa ndani wa kona, akiyatafuta maji tulivu, kama mtu aliyefika kwao akakuta nyumba haipo.

Marit akamparamia, akakanyaga kanyagio ili kamba ikimbie yote. Kamba ya nanga huachwa bila fundo mwishoni kwa sababu hiyohiyo: mambo yakiharibika, ipotee nanga, ipotee kamba, watu wabaki. Kamba ikakimbia. Ansel akaidaka kwa mkono mtupu, ikamchuna kiganja, akaiachia. Kisha ikakwama kwa kishindo na mashua ikazidi kuzama. Mwishoni kulikuwa na fundo. Lilikuwa kubwa, safi, limefungwa kwa ustadi wake wote, siku gani hakuna ajuaye.

Maji yalishafika kwenye viti. Marit alichomoa kisu kwenye jaketi okozi, akalala kifudifudi juu ya tezi, mto ukimpiga usoni na kumziba pumzi, akaanza kukata bila kuona. Aliogopa sana. Aliogopa kufa, na zaidi ya hapo aliogopa kwamba akifa yeye mzee atabaki amekaa pale, akingoja mtu amwambie la kufanya. Kamba iliyokazwa vile hukatika kabla kisu hakijamaliza. Mashua ikaruka mbele, ikagonga mwamba kwa ubavu, mbao zikalia. Alimsukuma baba yake sakafuni kwenye maji, akakaa kwenye kiti chake, akavuta kwa nguvu zote za mwili. Chini ya kona mashua ikapanda changarawe na kulala hapo, imejaa hadi pomoni.

Walikaa meno yakigongana. Ansel alikitazama kiganja chake, akaitazama kamba iliyokatwa. Polepole uso wake ukabadilika.

"Nani ameangusha nanga pale?"

Marit akaanza kuyachota maji ndani ya mashua.

"Pale, Marit? Nilikufundisha nini mimi?"

Walipofika mwisho wa safari, wengine walikuwa wanapandisha mashua zao. Ansel aliwasimulia yote, kwa upole wa baba anayemtetea mwanawe: binti alishikwa na hofu, akakanyaga nanga, wasimseme sana, hata yeye ujanani alifanya mambo ya kijinga. Hakuwa anaongopa. Hiyo ndiyo kweli iliyokuwemo kichwani mwake. Delmar akamvuta Marit pembeni, akamuuliza nani alikuwa kwenye makasia. Marit alimtazama baba yake, aliyevikwa blanketi, watu wakimmiminia kahawa na kumwita mzee wetu. Akasema walipokezana njiani.

Delmar akamalizia mengine mwenyewe. Alisema hawezi kumpa mtu wa kumshusha tena, maana habari ya nanga iliyoangushwa Kiwiko itafika kwa kila mteja kabla ya chakula cha jioni. Hakuisema kwa ubaya, na ilimuuma Marit kuliko kama angeisema kwa ubaya.

Julai mto ukashuka, ukawa kama kioo. Agosti joto likazidi hata uvuvi ukafungwa kila alasiri, samaki wasife kwa uchovu kwenye maji ya moto. Marit alikuwa anaosha vyombo hotelini. Na Ansel, asubuhi yoyote aliyoamka vizuri, alikwenda bandani kutoa makasia.

Mara ya kwanza Marit alipiga moyo konde akamwambia ukweli wote: daktari, kanyagio, fundo. Ansel alikataa, akakasirika, kisha akaona kovu kiganjani. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ningekuua," akasema.

Alilia bila sauti. Siku hiyo alikaa kiti cha mbele bila kuambiwa, na hakurusha mshipi hata mara moja. Marit alidhani yamekwisha, kwa uchungu lakini yamekwisha. Siku chache baadaye akamkuta tena bandani na makasia begani, anapiga mluzi.

Basi akamwambia tena. Na Ansel akasikia tena kwa mara ya kwanza, akatazama kovu, akakaa juu ya ndoo. "Ningekuua," kwa sauti ileile. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kiangazi kizima. Ukweli haukumfundisha kitu. Ulikuwa unampiga tu, na kila mara ulimkuta mzima. Siku moja baada ya kuusikia aliondoka kimya, na Marit alimkuta mtoni na nguo zake za nyumbani, maji kiunoni, amesimama tu. Alimshika mkanda akamrudisha nchi kavu. Baada ya hapo aliyaficha makasia. Mzee akashinda siku nzima akifungua makabati na kumshuku jirani kwa wizi, hadi Marit akayarudisha mahali pake, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa ukatili.

Oktoba miti ya kingo ikawa ya manjano, na trauti wa kahawia wakaanza kupanda mto kwenda kutaga kwenye changarawe. Ni wakati mzuri kuliko yote, na watu huvua kwa adabu, wakikwepa kukanyaga mayai. Marit alimpeleka baba yake mtoni asubuhi moja yenye ukungu. Alijua itakuwaje. Alikuwa amelala kidogo sana akiyapanga maneno yaleyale.

Delmar alikuwa pale na wavuta makasia wawili, wanafunga mizigo. Ansel alikuwa bado kwenye pikapu akihangaika na viatu. Delmar akamsogelea Marit, akasema alimwona mzee dukani wiki iliyopita, amenunua ndoano, akatoka, akarudi kununua zilezile. Tangu hapo amekuwa akifikiri. Alikuwa na nafasi ya mvuta makasia msimu ujao, wakati wa maji makubwa.

"Niambie tu haikuwa wewe," akasema. "Hapa, mbele ya hawa, wasikie kwa mdomo wako. Yaishe."

Marit alivuta pumzi. Alikuwa amelitamani neno hilo tangu Juni, akilisema peke yake juu ya sinki la vyombo vya watu. Wale wawili wakaacha kamba zao, wakageuka. Na mteremkoni Ansel alikuwa anashuka, makasia begani, hatua nyepesi, ameshayaona maji. Akawasalimu wote. Akapita katikati yao, akaingiza mguu mmoja kwenye mashua, kuelekea kiti cha katikati.

Sasa ilikuwa lazima aambiwe, na safari hii mbele ya watu.

"Baba," Marit akasema. "Ngoja. Unakumbuka nilivyoangusha nanga Kiwiko?"

Ansel akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Wewe?"

"Mimi. Maji yakiwa juu. Nusura nikuue."

Mzee alimtazama. Marit alishindwa kusoma uso ule. Macho ya Ansel yalishuka kwenye kiganja chake, yakakaa hapo. Marit akaongeza haraka kwamba tangu siku hiyo anaogopa, kwamba kila akishika makasia mikono inakufa ganzi, na kwamba anamwomba leo akae mbele, amgeukie, amwangalie anavyovuta na amrekebishe.

Ansel akafumba kiganja. Akashusha makasia kutoka begani, akampa binti yake, moja baada ya jingine.

"Mbona hukusema siku zote hizi?" akamuuliza. "Hilo linafundishika."

Kisha akamgeukia Delmar na wale wawili, kifua mbele, na kwa miezi mingi Marit hakuwa amemwona hivyo. Akawaambia wasimcheke. Alisema mikono mizuri binti anayo, kilichomwingia ni woga, na woga ataumaliza yeye mwenyewe, ila kwa sasa asiachwe peke yake kwenye maji makali.

Delmar hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Marit.

"Ni kweli?"

"Si umemsikia," Marit akasema. "Nilikuwa mimi."

Wale wawili wakarudi kwenye kamba zao. Delmar akainama, akashika omo kwa mikono miwili, akaisukuma mashua majini.

Ansel alikuwa ameshageuza kiti cha mbele, amemkabili binti yake, viwiko juu ya magoti, bila hata kupepesa macho.

"Taratibu," akasema. "Na huo mguu wako, uweke mbali na kanyagio."

Marit akauweka mbali.